Laptopu Yenye Mlango wa Diski

Mtaani kwetu ukiuliza jina halisi la mume wangu, watu watatazamana. Wanamjua kama Mzee Pedi, na jina hilo alipewa na watoto wakati nywele zake bado nyeusi. Pedi ni kile kidude chenye vitufe ambacho mtu anashika kwa mikono miwili akicheza gemu. Chumba chetu cha mbele, chenye dirisha la barabarani, kilikuwa chumba cha gemu miaka mingi. Ndani kulikuwa na televisheni zile za zamani zenye mgongo mkubwa, na chini ya kila televisheni mashine yake. Mabenchi aliyapigilia misumari mwenyewe. Yeye alikaa mlangoni juu ya stuli, kitambaa begani, akiangalia nani zamu yake imekwisha na nani anajifanya hajasikia.

Ninamweleza hivi kwa sababu wanaomwona sasa, amekaa nje anatazama wapita njia, wanadhani ni mzee asiyekuwa na kazi tangu azaliwe. Kazi alikuwa nayo, na aliijua. Mashine ikisoma diski kwa shida aliitambua kwa sauti, akiwa ameipa mgongo. Diski aliziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, akazifuta kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Mtoto aliyeshika diski kwa uso wake badala ya ukingo alifukuzwa mpaka Jumatatu. Aliyekuja na sare saa za shule alirudishwa alikotoka, tena akisindikizwa kwa maneno mpaka kona. Akina mama walimpenda kwa hilo.

Binti yetu alikulia humo. Alijifunza kusimama kwa kushikilia benchi. Walimwita Kocha, maana kabla hata miguu yake haijafika sakafuni alikuwa akiwakaripia watu wenye ndevu. "Toa pasi! Unaukumbatia mpira, umeuzaa wewe?" Gemu lake lilikuwa la mpira wa miguu. Vijana walikuja kutoka mitaa mingine kushindana naye, wakaondoka wamenuna. Baba yake hakuwahi kumsifu mbele ya watu. Lakini mimi macho yangu hayalali, nilimwona. Kocha akianza kucheza, stuli ile ilikuwa inageuzwa kidogo kidogo mpaka inaelekea kwake.

Kisha mtoto akakua. Mwili ukabadilika, na majirani wakapata la kusema. "Binti mkubwa vile, katikati ya madume." Sijui nani alianza, najua tu kwamba lilimfikia mume wangu akiwa kwa kinyozi, na likamchoma. Jumamosi moja chumba kimejaa, Kocha anaongoza, baba yake alikwenda akamchukulia pedi mkononi. Hakupandisha sauti. Alisema, "Umeshakuwa mkubwa. Nenda jikoni ukamsaidie mama yako." Kijana mmoja akacheka. Binti yangu akainuka, akapita katikati ya magoti yao, akaja jikoni, akachukua kisu na kuanza kumenya vitunguu ambavyo nilikuwa nimeshavimenya.

Hakuingia tena chumba kile. Hawakugombana, na mimi hadi leo nasema afadhali wangegombana. Walibaki kusalimiana kama wapangaji wawili wanaopishana uani. "Shikamoo, baba." "Marahaba. Hujambo?" "Sijambo." Basi.

Alipomaliza shule alipata kazi katika ghala kubwa mji mwingine, akafundishwa kuendesha foklifti, lile gari fupi lenye meno mbele ya kuinulia mizigo. Nilikonda kwa wasiwasi. Kila nikisikia chuma kinagonga chuma popote, nilimwona mwanangu chini yake. Alikuwa anapiga simu Jumapili. Tukizungumza mpaka sikio linapata moto, husema, "Haya, nipe baba." Baba huchukua simu, anasema, "Hujambo? Mzima? Haya, nampa mama yako," na simu inarudi kwangu hata kiti hakijapoa.

Chumba cha gemu kilikufa taratibu. Watoto walipata simu zao. Mashine zikawa zinapofuka moja baada ya nyingine, lile jicho la kusomea diski linakufa, na fundi wa mwisho aliyejua kuzitengeneza akahamia kutengeneza redio za magari. Ya mwisho iliuawa na paa lililovuja. Chumba tukakifanya cha kuanikia nguo siku za mvua. Diski peke yake zilibaki, makasha kwa makasha, safi kama sahani za wageni.

Sasa, Kocha akatuambia kwamba amepata kazi ya ghala nchi ya mbali, mkataba mrefu, na kwamba kabla ya kuondoka atakuja nyumbani likizo fupi. Nilifurahi na kulia kwa pamoja. Jioni, tunakula, mume wangu akasema ghafla, "Nataka laptopu."

"Ya nini?"

"Kuna programu wanaiita emuleta. Ukiiweka kwenye kompyuta, kompyuta inajifanya mashine ya gemu. Diski zangu zote zinafufuka."

"Zikifufuka atacheza nani?"

Alitazama dari kama mtu aliyesikia panya. "Kocha akija."

Nikaelewa. Nikaweka kijiko chini. "Baba Kocha, si umwambie tu kwa mdomo?"

"Nimwambie nini?"

"Unakijua cha kumwambia."

"Mke wangu, mimi nazungumza habari za laptopu."

Niliongozana naye dukani kwa sababu mume wangu akipenda kitu huwa haoni kasoro, na mimi kazi yangu duniani ni kuona kasoro. Muuza kompyuta wanamwita Kipara, na kweli kichwa chake kinang'aa kama balbu. Zamani alikuwa mmoja wa watoto wa mabenchi yetu. Alipotuona aliacha mteja akasimama.

"Shikamoo, Mzee Pedi! Shikamoo, mama!"

"Marahaba," akasema mume wangu. "Bado unashika diski kwa uso?"

"Nimeacha, mzee. Ulinifukuza mara ngapi!"

Wakacheka. Mume wangu akamweleza shida yake. Kipara akauliza gemu lenyewe ni la mashine gani, akaambiwa, akakuna kichwa.

"Gemu za ile mashine iliyotoka kwanza, hata kompyuta ya kizee inazimudu. Lakini huo mpira ni wa mashine ya pili, iliyokuja baadaye, na ile ni nzito. Kompyuta inafanya kazi mbili kwa mpigo, kuwa yenyewe na kujifanya nyingine. Inataka prosesa yenye mbio, hiyo ndiyo kama moyo wake. Inataka kadi ya picha ya peke yake. Na feni nzuri, kwa sababu itatoka jasho." Akatoa chini ya meza laptopu nyeusi, nene, imebonyea pembeni. Aliiwasha ikavuma kama pampu ya maji. "Hii sura haina, lakini ndiyo."

Nilikiri moyoni kwamba ilikuwa mbaya. Mume wangu aliigeuza huku na huku, akapitisha kidole ubavuni.

"Mlango wa diski uko wapi?"

"Siku hizi hawaweki, mzee. Tunanakili diski inakuwa faili, inakaa humo ndani. Au unachukua kisomaji cha pembeni, unachomeka kwa waya."

"Faili," akasema mume wangu, kama anayetaja ugonjwa. "Na diski zangu nifanye nini? Nitishie ndege shambani?"

"Hapana, mzee, unaziweka tu."

"Diski inawekwa kwenye mashine. Haiwekwi tu."

Ndipo alipoiona laptopu nyingine, kwenye rafu ya chini. Ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba kiasi, safi, haina mkwaruzo. Alibonyeza ubavuni, na kijisahani kikatoka polepole kama ulimi wa mgonjwa mbele ya daktari. Uso wa mume wangu ulibadilika. Alitoa kwenye mfuko wa shati diski aliyokuja nayo imefungwa kwenye kitambaa, akaiweka, akainamisha sikio.

"Sikiliza. Hilo jicho ni zima kabisa. Halikwami hata kidogo."

"Jicho zima, mzee. Miguu ndiyo hakuna. Hii ni ya kazi za ofisi, kuandika barua. Mpira itautembeza, haitaukimbiza."

"Jaribu."

Kipara aliweka ile emuleta, akafungua diski iliyomo. Lilikuwa gemu la magari la ile mashine ya kwanza, yaani zile nyepesi. Magari yakaenda kama maji. Mume wangu akamgeukia.

"Inatembeza?"

"Hilo ni jepesi, mzee. Ule mpira…"

Mume wangu akamtazama. Ule mtazamo naujua, alikuwa akiwatupia kutoka kwenye stuli waliong'ang'ania pedi baada ya zamu kwisha. Kipara ni mtu mzima, ana mke, ana watoto, ana duka. Lakini aliinamisha macho akaanza kufuta vumbi ambalo halikuwapo.

"Kama umeipenda, mzee wangu."

Nilimvuta pembeni. "Mwanangu, niambie ukweli."

"Mama, ukweli nimeshausema. Ila yule ndiye aliyekuwa ananifunga kamba za viatu. Nitambishiaje mbele ya wateja?" Kisha akapaza sauti kidogo, "Mzee, ikikusumbua irudishe wakati wowote. Nitakubadilishia hata bila kuuliza."

"Haitarudi," akasema mume wangu, ameibeba kifuani.

Nyumbani aliiunganisha na televisheni yetu na pedi mbili alizouziwa na Kipara, akacheza magari, akacheza yule mwanasesere anayeruka mashimo, vyote vya mashine ya kwanza, vyote vikaenda vizuri. Nikamwambia ajaribu na mpira. Akakataa. "Huo ni wake. Ataufungua yeye." Diski ile aliiosha, akaiegemeza peke yake dirishani. Aliondoa kamba za nguo. Benchi moja lililobaki alilipiga msasa lisichane nguo za mtu. Nilimtazama nikapatwa na huruma, maana mtu akihangaika na benchi kiasi kile ujue kuna neno limemkaa kooni.

Kocha alifika amekonda. Ana kovu jipya kwenye kiwiko ambalo hakuwahi kulitaja kwenye simu. Baba yake alimpokea begi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna kitu chumba cha mbele."

Alisimama kwenye kizingiti. Mkono mmoja ukabaki umeshika fremu ya mlango. Mimi nyuma yake, roho mkononi, nikiona shingo yake tu. Baba yake tayari alikuwa ameinama kwenye televisheni anachomeka waya. Kocha akaingia. Akakaa kwenye benchi. Diski ikaingia, muziki wa mwanzo ukapiga.

"Baba! Wimbo huu!"

"Unaukumbuka?"

"Nitausahauje?"

Wakachagua timu zao. Kipenga kikalia. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikasema moyoni, haya sasa, yasemwe.

Wachezaji waliinua miguu kama watu wanaovuka matope. Mpira ulipigwa ukabaki hewani unafikiri. Na yule mtangazaji, ambaye zamani alikuwa anaongea mbio kama karanga zinazomwagika, sauti yake ikavutika, nzito, kama mlevi anayeapa hajalewa. Kocha akacheka, kicheko kizuri, cha utotoni.

"Baba, hawa wamelishwa nini?"

"Subiri. Inapasha moto kwanza."

"Nawahurumia. Wape maji."

Angecheka naye, siku hiyo ingeisha vizuri. Lakini alikuwa ameshageuka, amefungua mipangilio, anapunguza hiki anaongeza kile. "Subiri kidogo," akasema. Kocha akasubiri, pedi kwenye mapaja, anatazama mgongo wa baba yake. Alisubiri sana. Kisha akaja jikoni akaniuliza kama kuna cha kumenya.

Likizo yote ikawa hivyo. Mume wangu alikaa na mashine ile tangu chai ya asubuhi. Aliiweka juu ya sufuria iliyofunikwa kifudifudi ili ipate hewa, akaipepea kwa kipande cha boksi. Kocha alimfuata na kikombe chake, akakaa kwenye benchi nyuma yake, akamsimulia mambo ya ghala, msimamizi wao anayelala amesimama, siku mzigo wa sabuni ulipopasuka watu wakateleza mpaka getini. Hadithi nzuri, mimi nacheka huku nje. Baba yake anajibu, "Ehe," "Eeh," hageuki.

Nilimwendea. "Geuka umtazame mtoto."

"Nikimaliza hii."

"Basi irudishe kwa Kipara. Alisema atabadilisha."

"Ili niseme nini pale?"

"Useme haifai."

"Wewe hujui." Akapepea. "Nikirudi pale na hii mkononi, mimi nani?"

"Wewe ni baba yake Kocha, ambaye anaondoka."

Alijua kwamba nimesema kweli. Masikio yake yalitulia, kama yanavyotulia akiguswa penyewe. Lakini alifungua tena mipangilio.

Uani, tukikunja nguo, Kocha aliniuliza, "Mama, ile kompyuta anaitafutia nini hasa?"

"Anataka ucheze."

"Mimi sikuja kucheza."

"Najua, mwanangu."

"Nilikuja nimwone." Akakunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. "Namwona mgongo."

Asubuhi ya kuondoka, begi liko mlangoni, gari la kumpeleka stendi limeshapiga honi mara moja, sauti ikatoka chumba cha mbele. "Kocha! Njoo! Sasa inakwenda!"

Akaenda na mkoba begani, akakaa ukingoni mwa benchi. Baba yake alikuwa ameipunguza picha mpaka wachezaji wamekuwa vipande vya rangi, huwezi kujua nani kipa nani mwamuzi. Walikimbia kidogo, wakakwama, wakakimbia. Kocha alikuwa anabonyeza polepole, anawasubiri wamfikie. Macho yake hayakutoka kwenye kioo aliposema,

"Baba. Siku ile uliyonitoa hapa, nilikuwa naongoza."

Nilikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo. Niliona mshipa wa shingo ya mume wangu ukisimama. Niliona mdomo ukifunguka. Nikasema moyoni, sema. Sema chochote, hata kibaya.

"Ni prosesa," akasema. "Kipara aliniambia. Mimi ndiye niliyebisha."

Kwa mtu kama yeye, kukiri kwamba Kipara alikuwa sahihi lilikuwa jambo kubwa. Nilikuwa sijawahi kumsikia akikiri kosa lolote mbele ya mtu. Lakini halikuwa kosa lile. Kocha alimtazama usoni muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu afike baba yake naye alikuwa amemtazama.

"Haya, baba," akasema taratibu. "Ni prosesa."

Akaweka pedi chini, akauviringisha waya vizuri jinsi alivyofundishwa. Gari likapiga honi tena.

Nilimsindikiza mpaka stendi. Tulipokuwa tunaagana, alinishika mikono akasema, "Angeniambia tu, kaa hapa. Ningekaa hata kama kioo kimezimwa." Kisha, "Usimwambie." Nilimwambia. Sikuweza kubaki nalo peke yangu. Nilimwambia mume wangu nikiwa bado na viatu miguuni. Alisikiliza, akaitia laptopu kwenye mfuko, akaenda kwa Kipara na kurudi na ile nyeusi iliyobonyea. Kipara hakuuliza, kama alivyoahidi. Jioni mpira ulikwenda kama upepo, mtangazaji akiongea mbio. Mume wangu aliwaachia wacheze wenyewe, mashine dhidi ya mashine, akatazama mpaka nusu ya kwanza ikaisha, akazima.

Kocha alipofika huko nchi ya mbali alipiga simu Jumapili. Mume wangu akaninyang'anya simu kabla sijasema neno. Akaenda nayo dirishani. Nilikuwa nakunja nguo, mikono ikasimama.

"Kocha," akasema. "Siku ile nilikukosea."

Kwenye simu nilisikia mngurumo, vyuma vinagongana, watu wanaitana kwa lugha nisiyoijua. Kisha sauti ya mwanangu, anapiga kelele ili asikike. "Baba? Niko ghalani, foklifti zinapita! Sikusikia! Umesemaje?"

Neno lile lilimchukua miaka mingi kulitoa. Nilimwona anajaribu kulitoa tena.

"Nasema, huko kuna baridi?"

"Kidogo, baba!"

"Vaa vizuri. Nampa mama yako."

Nikaipokea simu. "Mama," akasema Kocha, mngurumo umepungua, labda amejificha pembeni, "baba alisema nini pale mwanzo?"

Ningeweza kumwambia. Maneno nilikuwa nayo yote, mafupi, nimeyasikia kwa masikio yangu. Lakini nikifikisha mimi yatakuwa salamu tu, kama nyingine zote ambazo nimebeba kati yao. "Muulize mwenyewe," nikasema, nikageuka nimpe mume wangu simu. Alikuwa ameshatoka. Nilimwona kupitia dirisha, amesimama katikati ya barabara kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

"Ametoka kidogo," nikasema.

"Haya. Nitapiga Jumapili nyingine."

Na anapiga. Jumapili zimepita nyingi. Bado wanaulizana habari za baridi.